Maiki ya Kurekodia Nyumbani: Kinachoamua ni Umbali

Mwaka 1982, katika studio za Westlake mjini Los Angeles, fundi sauti Bruce Swedien alirekodi sauti ya Michael Jackson ya albamu ya Thriller kwa Shure SM7, maiki ya dainamiki iliyolengwa hasa kwa watangazaji. Studio ya hadhi ile haikosi maiki za bei mara nyingi zaidi ya hiyo. Mwaka 2019 Billie Eilish alitoa albamu yake ya kwanza, ambayo sehemu kubwa ilirekodiwa na kaka yake Finneas katika chumba cha kulala nyumbani kwa wazazi wao, mtaa wa Highland Park, jiji lilelile. Sauti ilipita kwenye Neumann TLM 103, kondensa nyeti ya Kijerumani, aina ambayo kila mshauri humwonya mwenye chumba cha kulala asiiguse. Kanuni tunazopeana madukani zingetaka iwe kinyume: kondensa studioni, dainamiki chumbani.

Kanuni hizo hazikutungwa na wajinga. Zina ukweli ndani yake, ila zinaanzia katikati ya hesabu. Anayetafuta maiki ya kurekodia nyumbani, awe kijana wa bongo fleva mwenye laptopu Mbagala, msomaji wa vitabu vya sauti Nairobi au mama anayeendesha podikasti Mombasa, huuliza kwanza aina ya maiki na bei. Kwangu mimi aina ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni hili: mdomo wako utakaa umbali gani na maiki? Ukilijibu hilo umeshajua chumba kitasikika kiasi gani, kelele za mtaa zitaingia kiasi gani, na ni maiki ipi itastahimili mdomo ukiwa pale.

Hesabu yake ni nyepesi. Sauti itokayo mdomoni hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Mtu anayezungumza kawaida hufikisha karibu desibeli 60 akipimwa kutoka mita 1. Sogeza maiki hadi sentimita 10, sauti ileile itaigonga kwa karibu desibeli 80. Kelele za chumba hazijali maiki imekaa wapi. Feni, friji, pikipiki inayopita, vyote vimeenea chumba kizima. Tuseme kelele hizo zinafika desibeli 40, kiwango ambacho nyumba ya mjini yenye madirisha ya nyavu hukifikia bila taabu. Ukikaa mita 1 unazizidi kwa desibeli 20 tu, na msikilizaji atazisikia kila unaponyamaza kuvuta pumzi. Ukikaa sentimita 10 unazizidi kwa 40. Hakuna duka linalouza maiki, kwa bei yoyote, itakayokurudishia desibeli 20 hizo ukiwa umekaa mbali. Mwangwi nao uko vivyo hivyo: kiasi chake chumbani hakibadiliki sana, kinachobadilika ni sauti yako kuwa juu yake au kuzama ndani yake.

Hapo ndipo imani maarufu kuliko zote inapoanza kuyumba, ile isemayo kwamba dainamiki haishiki kelele. Chukua dainamiki moja na kondensa moja zenye umbo sawa la usikivu, ziweke umbali uleule, pandisha kila moja mpaka sauti ya msomaji ilingane. Kelele za chumba zitakuwa karibu sawa kwenye zote mbili. Maiki haina namna ya kujua kwamba huyu ni mwimbaji na yule ni jogoo wa jirani. Kondensa itazidi kidogo kwenye masafa ya juu, kwa hiyo mlio wa funguo au ndege wa dirishani utajitokeza zaidi, lakini tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyohubiriwa. Sifa ya dainamiki imetokana na desturi ya matumizi. SM58, dainamiki ya Shure iliyoingia sokoni mwaka 1966, imezoeleka kugusishwa mdomoni, ilhali kondensa huwekwa sentimita 20 au 30 mbele ya mwimbaji. Mwenye SM58 akirudi nyuma sentimita 30 atalazimika kupandisha geini, na atapata chumba kilekile alichokuwa anakikimbia.

Faida halisi ya dainamiki ni kwamba inakuruhusu usogee. Waya mdogo uliozungushwa umefungwa kwenye kiwambo, ukicheza ndani ya uga wa sumaku unazalisha umeme. Ni chombo kizito kiasi, kisichoshtuka, chenye wavu na sponji vya kuvunja pumzi kabla haijafika ndani. Unaweza kukiimbia kwa nguvu kutoka sentimita 3 na kisilalamike. Kondensa ni kiumbe kingine. Ilibuniwa na E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916, na hadi leo hufanya kazi kwa utando mwembamba sana uliotandazwa mbele ya bati lenye chaji. Utando huo hutikiswa hata na mnong'ono, na hiyo ndiyo raha yake. Ukiuwekea mdomo kwenye sentimita 5 bila kinga, kila p inalipuka.

Kondensa huhitaji umeme wa kuiendesha, na hiyo ndiyo kazi ya kitufe kilichoandikwa 48V kwenye saundi kadi. Namba hiyo ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ilikuwa inatengeneza maiki za transista kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norwe, NRK, na studio za shirika hilo zilikuwa tayari na mfumo wa volti 48 kwa taa za dharura. Wakautumia huo, na dunia nzima ikafuata.

Turudi kwenye umbali, kwa sababu una gharama yake. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, kwa umbo linalofanana na moyo, na maiki za namna hiyo huongeza besi kadiri mdomo unavyokaribia. Mtangazaji wa usiku hupenda jambo hilo, humfanya asikike mtu mzima. Mwimbaji wa sauti nzito ataishia na matope. Ndiyo maana SM7B, mrithi wa ile SM7 ya Swedien, ina swichi ya kupunguza besi, na ndiyo maana Electro-Voice walipotoa RE20 mwaka 1968 walijenga mwili wake kwa matundu maalumu ili mtangazaji asogee bila kunenepa sauti. Kwa mwenye maiki ya kawaida, dawa ni kuchagua umbali mmoja na kuushikilia. Upana wa ngumi, au shubiri moja kwa kondensa yenye kichujio cha pumzi, vinatosha. Kuyumba mbele na nyuma katikati ya ubeti huharibu rekodi kuliko kuwa na maiki ya bei rahisi.

Sasa chumba. Vyumba vyetu vingi ni bloku zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru, dirisha la aluminiamu, na juu ni jipsamu au bati tupu. Piga kofi humo usikie. Studio nyingi za mitaani hujibu tatizo hili kwa trei za mayai ukutani, na nadhani ni wakati sasa wa kuziacha. Trei ni karatasi nyembamba. Hunyonya kidogo tu masafa ya juu, mwili wa sauti ya binadamu unapita kana kwamba hakuna kitu, na kelele za nje hazizuiliki hata kidogo. Sponji nyembamba za pembetatu zinazouzwa kwa mafurushi haziko mbali na hapo. Ili kitu laini kinyonye vizuri kinahitaji unene unaokaribia robo ya urefu wa wimbi. Sponji ya sentimita 5 inaanza kufanya kazi ipasavyo karibu na hezi 1,700. Sauti nzito ya mwanamume huanzia jirani na hezi 100, ambako wimbi moja lina urefu wa mita 3.4. Chumba kilichobandikwa sponji nyembamba kila mahali husikika kama kimezibwa puani: mng'ao umekufa, mvumo wa chini umebaki.

Godoro linafanya kazi nzuri zaidi, na tayari unalo. Kosa la wengi ni mahali pa kuliweka. Maiki yenye umbo la moyo haisikii sana mgongoni mwake. Inasikia mbele, yaani inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Basi godoro lisimame nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki. La pili, kama lipo, likae pembeni. Kabati la nguo lililo wazi, limejaa makoti na mashuka, hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ya sifuri. Khanga au kitenge kilichotundikwa ukutani hupendezesha picha za video, basi.

Kelele za kutoka nje ni suala la ratiba. Mvua juu ya bati haina maiki inayoiweza, wala spika za baa ya mtaa wa pili siku ya Ijumaa. Wanaorekodi nyumbani kwa muda mrefu wanajua saa za nyumba zao: muda gani jenereta la jirani huzimwa, muda gani kabla ya adhana ya alfajiri mtaa unakuwa mtupu. Kwa kelele usizoweza kuziondoa, tumia mgongo wa maiki. Umbo la moyo lina uziwi mkubwa kabisa nyuma, nyuzi 180, kwa hiyo dirisha au feni ya laptopu viwe huko. Maiki zenye umbo lililobana zaidi zina uziwi wake kwenye pembe za nyuma, karibu nyuzi 126, na ukiziweka kama zile za kwanza unapoteza faida uliyoilipia. Na wale wanaopenda kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja kama wanahipuhopu wa jukwaani wajue kwamba wanaziba matundu yanayoipa maiki umbo lake. Inageuka kusikia kila upande.

Suala ambalo wauzaji hulizungumzia kwa kujiamini zaidi kuliko wanavyolielewa ni kelele ya ndani ya maiki yenyewe. Røde NT1-A imejulikana kwa desibeli 5 tu. Audio-Technica AT2020, kondensa ya bei ya chini inayopendwa sana, ina 20. Mtu akiziona namba hizo hukimbilia ya kwanza. Lakini chumba chake kina desibeli 40 za kelele saa nane mchana. Ukimya wa NT1-A unazama humo bila kuonekana. Tofauti ya 5 na 20 itasikika kwa anayerekodi simulizi za kunong'ona usiku wa manane ndani ya chumba kilichotulia kweli, au gitaa la pole. Kwa mchanaji anayepiga kelele, haina maana.

Kwa dainamiki hesabu ni tofauti kidogo, kwa sababu yenyewe ni kimya lakini hutoa ishara ndogo, na kelele inatoka kwenye saundi kadi inayojitahidi kuipandisha. Shure SM7B hutoa takriban milivolti 1.12 pale AT2020 inapotoa kama 14. Kutokana na hilo limezuka soko zima la vikuza ishara vya kuchomeka katikati, na karibu kila anayenunua SM7B huambiwa hawezi kuishi bila hicho. Tufanye hesabu. Saundi kadi ya siku hizi iliyo nzuri, tuseme Focusrite Scarlett Solo ya kizazi cha tatu, ina kelele ya ndani ya dBu -128 na geini ya desibeli 56. Ukiigeuza kelele hiyo iwe sawa na sauti halisi iliyo mbele ya SM7B, unapata takriban desibeli 23. Chumba kina 40. Rekodi itatoka ndogo kidogo, utaipandisha ndani ya programu, na hutasikia mvumo wowote ambao chumba hakikuwa nao tayari. Fanya hesabu ileile kwa saundi kadi dhaifu yenye kelele ya dBu -110, na jibu linaruka hadi karibu 41. Hapo sssss itasikika kila neno. Anayehitaji kikuza ishara, kwa hiyo, ni mwenye saundi kadi mbovu, na mara nyingi fedha hiyo ingemtosha kununua saundi kadi nzuri.

SM58 hutoa zaidi ya SM7B, milivolti 1.85 hivi, na kwenye saundi kadi nzuri kelele yake inakuja karibu na desibeli 18. Yaani maiki ya jukwaani, ambayo watu huidharau kwa kurekodia, haizidiwi kwa utulivu na AT2020 iliyopewa jina la studio. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi zaidi. Bei zao Marekani zinakaribiana, takriban dola 100 kila moja, wakati SM7B huuzwa karibu dola 400.

Kuna njia ya kukwepa saundi kadi kabisa: maiki ya USB. Ndani yake mna kila kitu, unachomeka kwenye laptopu na kuanza. Kwa msomaji, mwalimu wa masomo ya mtandaoni au mwandishi wa habari, ni chaguo la busara. Kwa mwimbaji kuna masharti mawili. La kwanza, maiki iwe na tundu la hedifoni juu yake lenye kukurudishia sauti yako papo hapo, kabla haijazunguka ndani ya kompyuta. Bila hilo utajisikia umechelewa kidogo, na hakuna anayeweza kuimba sawasawa huku akijifuata mwenyewe. La pili, ujue kwamba maiki na saundi kadi vimefungwa pamoja. Kimoja kikifa vimekufa vyote, na huwezi kuboresha kimoja bila kingine. Samson Q2U na wenzake wenye USB na tundu la XLR kwa pamoja wanalipunguza tatizo hilo. Unaanza na laptopu leo, mwakani unanunua saundi kadi bila kutupa maiki.

Kwenye USB, jihadhari pia na chaja. Nyumba nyingi hazina athi ya kuaminika, na laptopu ikiwa kwenye chaja huingiza mlio mwembamba au mngurumo kwenye rekodi. Kabla ya kulaumu maiki, chomoa chaja, rekodi kwa betri, usikilize tena.

Na simu? Maiki za simu ni ndogo sana na husikia pande zote, lakini si mbaya. Ndani ya kabati la nguo, simu ikiwa sentimita 15 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ya njia ya pumzi, inatoa usomaji unaopita podikasti nyingi zilizorekodiwa kwa kondensa kwenye sebule ya marumaru. Ningependa kila anayekusanya fedha za maiki ya kwanza afanye jaribio hilo kabla ya kwenda dukani. Litamfundisha chumba chake bure.

Programu za kuondoa kelele kwa akili mnemba zimekuwa hodari kwa maneno ya kusemwa. Kwa kuimba bado siziamini. Huchukua mtetemo wa koo, pumzi na miguno, vitu ambavyo mwimbaji wa taarabu ameviweka makusudi, na kuvisafisha kama uchafu.

Ladha ya maiki, yaani masafa gani inayapandisha, ndiyo sehemu ya uchaguzi isiyo na jibu moja. Kondensa nyingi za bei nafuu zimeinuliwa karibu na hezi 10,000 ili zivutie sekunde tano za kwanza dukani. Zikikutana na Kiswahili zina kazi: lugha yetu imejaa s, sh, z na ch, na mtu mwenye meno yanayopitisha s kali atachoma masikio. Jipime kwa sentensi kama "sisi sote tusisahau shida za wazazi wa shangazi", kisha "papa alipita pembeni pa pwani". Ya kwanza inakuonyesha ukali, ya pili inakuonyesha milipuko ya pumzi. Msemaji wa Mombasa au Lamu ana p ambazo katika maneno mengi hutoka na pumzi zaidi kuliko za bara, na atahitaji kinga zaidi. B haisumbui sana, kwa kuwa wengi wetu huitamka kwa kuvuta ndani. Kabla ya kubadili maiki, igeuze ikutazame kutoka pembeni, nyuzi 20 au 30, au iinue usawa wa pua ikiangalia mdomo. Kichujio cha pumzi kinatengenezwa kwa soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye hanga ya waya, na kinafanya kazi sawa na cha dukani.

Kuna kosa dogo la kuchekesha: kondensa kubwa husikia ubavuni, upande wenye nembo, si kichwani. Ukiona mtu kwenye video ameielekeza ncha yake mdomoni kama SM58, ujue anarekodi bega la maiki.

Wakazi wa pwani wana jambo moja zaidi la kupima. Unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa mara nyingi hupita asilimia 70, na utando wenye chaji wa kondensa hauupendi. Unyevu ukichanganyika na vumbi na mate, maiki huanza kutatarika, kisha sauti hupungua. Watengeneza filamu hutumia Sennheiser MKH 416, na sababu mojawapo ni hii: mfumo wake wa masafa ya redio huvumilia unyevu vizuri kuliko kondensa ya kawaida; bei yake si ya chumba cha kulala. Mwenye kondensa ya kawaida aifunike kila anapomaliza, aihifadhi kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na asiiache kwenye stendi dirishani usiku kucha. Dainamiki haina shida hiyo, zaidi ya kutu kwenye pini.

Yote hayo ni kwa mdomo mmoja. Kwaya, kundi la kaswida au ngoma hubadili hesabu, kwa sababu watu ishirini hawawezi kukaa ngumi moja kutoka kwenye maiki. Umbali unakuwa wa lazima, na dainamiki inakosa faida yake yote. Hapo kondensa moja au mbili mbele ya kundi, ndani ya ukumbi unaosikika vizuri wenyewe, zitashinda dainamiki kumi. Bendi za miaka ya 1970 zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga pamoja, chumba kimoja, kila ala ikivuja kwenye maiki ya mwenzake, na uvujaji huo ni sehemu ya utamu wake. Usijaribu kuwarekodi wanakwaya mmoja mmoja kabatini. Utapata watu ishirini wapweke.

Kwa mtu mmoja, ningegawa hivi. Chumba kitupu, mtaa wenye kelele, sauti ya nguvu: SM58 au dainamiki ya USB na XLR, mdomo karibu, na kilichobaki kiende kwenye saundi kadi, hedifoni zinazoziba sikio na stendi isiyoyumba. Chumba chenye kitanda, mapazia mazito na nguo nyingi, mtaa unaotulia usiku, sauti laini: kondensa kama AT2020 au NT1-A, shubiri moja, godoro mgongoni. Sauti nyembamba ya kike yenye s kali naipa dainamiki hata kama chumba ni kizuri. Sauti nzito iliyofifia naipa kondensa, imulike. SM7B ni maiki nzuri sana, ila kwa anayeanza naiona ni kununua picha ya podikasti za Marekani. Nusu ya raha yake ni kuonekana kwenye video.

Kuna kundi la maiki za bei ya kutupa, zenye umbo la kondensa kubwa, zinazouzwa kwa majina ya BM-800 na ndugu zake. Ndani ya mwili ule mnono, aghalabu mna kidonge kidogo cha elekitreti, teknolojia iliyobuniwa na Gerhard Sessler na James West katika maabara za Bell mwaka 1962, ileile iliyojaza simu na vinasa sauti vya dunia kwa miaka mingi. Elekitreti si tusi, kuna nyingi bora. Tatizo ni kuiuza na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu dogo la laptopu, ambako hakuna volti 48 na kikuza ishara ni hafifu. Anayeilaumu maiki hiyo kwa mvumo mara nyingi anaisikia laptopu. Ukiipa saundi kadi na volti 48, inaimba vizuri kuliko sifa yake.

SM58, kwa kuwa ndiyo inayotafutwa zaidi, ndiyo pia inayoghushiwa zaidi, na bandia zake zimesambaa kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue ya Nairobi. Bei iliyo nusu ya bei ya wakala ni jibu tosha. Kama bado una shaka, nenda na mizani ya jikoni: halisi ina gramu 298, na bandia nyingi ni nyepesi. Angalia pini za chini, halisi ina namba 1, 2 na 3 zilizochorwa kando yake. Kisha ichomeke na uizungumzie kwa sentimita 3, uigeuze taratibu mpaka unaongea na mkia wake. Sauti inapaswa kuzama unapofika nyuma. Ikibaki ileile pande zote, mrudishie muuzaji akiwa bado yuko mbele yako, maana risiti za huko nyingi hazina kipengele cha kurudisha.